Ufa Ulio Karibu na Mpini

Mwanangu Hoza,

Natumaini unaisoma barua hii ukiwa umeketi, taa iko karibu nawe, na lori bado halijafika. Nimekusudia kukuamsha mapema kuliko ulivyoniomba, nikupe karatasi hizi mkononi, kisha nitoke nje nikuache nazo. Tafadhali usinifuate kabla hujafika mwisho.

Habari za sweta, za kuchemsha maji ya kunywa, za kuamkia watu wa Tanga kabla hujawauliza njia, tumezisema wiki nzima mpaka mdogo wako Nuru ameanza kuziimba akitwanga. Sizirudii. Nina neno moja tu, nami nalizunguka tangu alasiri kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Ngoja nilitoe kwanza, ndipo nieleze.

Kisu chako kina ufa.

Nimeliandika, na unaona mwenyewe jinsi herufi zilivyopinda. Mwalimu wetu wa misheni alikuwa akitupiga vidole kwa rula kwa mwandiko wa namna hii. Sikuliandika kwa wepesi, wala si kwa kutaka kukuharibia safari yako. Najua kisu hiki ndicho kitakachokufungulia mlango wa karakana huko Tanga. Ulinieleza mwenyewe ulivyoambiwa: kila kijana alete kitu alichokitengeneza peke yake, na fundi mkuu atakijaribu mbele ya wote. Kisu hukipiga kwenye gogo, kisha hukinyonga ubavu kwa ubavu. Kikisimama, jina lako linaandikwa. Kikivunjika, unarudi nyumbani, na mwenye kurudi nyumbani bila kazi mwaka huu najua ataishia wapi. Baba yako aliishia huko huko kwenye mashamba ya mkonge, akarudi na kifua kilichokuwa kikikoroma kama chungu cha maharage, nasi tukamzika kabla Nuru hajatembea. Ndiyo maana nimekosa usingizi.

Nilijuaje? Ulipokwenda Mlola kuwaaga jamaa, nilitoa kisu kwenye sanduku ili nikifunge kwa kitambaa kisichane nguo zako. Kikagonga ukingo wa sufuria. Hoza, mimi nilikua kwenye kibanda cha mhunzi. Kisu kizima kikigongwa huimba, na sauti yake hudumu kidogo hewani kabla haijafa. Chako kilisema “ta”, kikanyamaza. Nilidhani mkono wangu umekizuia. Nikafunga uzi kwenye mpini, nikakining'iniza, nikakigonga tena kwa kijiko. “Ta.” Nikatoka nacho mlangoni kwenye jua, nikakigeuza polepole, na hapo karibu na mpini, kidole kimoja hivi kutoka chini, nikaona mstari. Ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Unaanzia kwenye makali na kupanda hadi katikati ya bapa.

Nilikirudisha kwenye sanduku kama nilivyokikuta. Uliporudi ukanikuta napepeta mchele uliokwisha kupepetwa, ukaniuliza, “Mama, unaumwa?” Nikakwambia moshi.

Sasa utauliza kwa nini sikukwambia pale pale. Unakumbuka Babu yako, baba yangu niliyemwita Tate, alivyokuwa na miiko ya kibanda chake. Sisi wanawake tuliruhusiwa kuvukuta mivukuto ya kupulizia moto mpaka mikono ife ganzi, lakini chuma hatukukigusa kabla hakijapoa na kupata mpini. Na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa ulimi. Mwanamke asikitamkie chuma neno baya. Akisema, “Hiki kina ufa,” basi huo ufa ameuleta yeye kwa kinywa chake. Niliwahi kumwona mama yangu akifukuzwa kibandani kwa sababu alisema tu kwamba jembe fulani linamtia shaka. Lile jembe lilivunjika baada ya siku chache, na mwenye jembe hakumlaumu Tate. Alimlaumu mama.

Mimi ni Mkristo, nimesoma mpaka darasa la nne, na kichwa changu kinaniambia kwamba ufa huletwa na moto na maji. Lakini niliposimama mlangoni na kisu chako, sikuthubutu kulitamka neno lile. Niliona aibu kwamba neno la mwiko bado lina nguvu juu yangu. Basi nikachukua kalamu. Miiko ya Tate haikusema chochote juu ya kuandika, maana yeye hakujua kusoma.

Nataka nikueleze kisu changu cha kwanza. Hukujua kwamba niliwahi kutengeneza kisu. Hata baba yako hakujua.

Nilikuwa msichana wa shule, pengine mdogo kuliko Nuru kwa mwaka mmoja. Shuleni kwetu kulikuwa na siku ya kazi za mikono, wasichana wakaleta mikeka, vikapu na vitambaa vya kudarizi. Mimi sikuwa na vidole vya sindano. Nilikuwa na mikono ya mivukuto. Nikamwomba Tate ruhusa, nikidhani atanicheka, lakini alitafuna tumbaku yake, akasema, “Mwiko ni wa kugusa chuma changu. Chako tafuta mwenyewe.”

Nikatafuta. Nyuma ya duka moja kulikuwa na pipa lililooza, na ule ukanda wa chuma uliolizunguka ulikuwa umelala kwenye majani, mwembamba, umenyooka vizuri, karibu uwe na umbo la kisu tayari. Palikuwa pia na kipande cha springi ya lori, kizito, cheusi, kimepinda kama ubavu wa ng'ombe. Nilikipiga teke nikakipita. Nikachukua kilicho rahisi, mwanangu, na nikajisifu kwamba nina jicho.

Tate aliuona ule ukanda. Aliushika, akaupima mkononi, akanirudishia. Akaniachia fuawe na nyundo ndogo jioni zile ambazo hakuwa na kazi, naye akakaa mlangoni akitazama mvua. Nilichoma, nikafua, nikachoma tena. Chuma kilinitii kwa upole wa ajabu. Kilikwenda kila nilipokituma. Nilidhani huo ndio ufundi. Sikujua kwamba chuma kinachokutii upesi hivyo kitamtii kila mtu, hata boga.

Na boga ndilo lililonifunza. Siku ile ya maonyesho mwalimu wetu alikishika kisu changu juu, kinametameta kama kioo, akasema hajaona msichana wa milimani aliyefanya kazi kama ile. Wazazi wakapiga makofi. Kisha akaniita mbele nikate boga la wageni. Nikaweka makali, nikasukuma. Boga lilikuwa gumu, la msimu uliopita. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Kisu kikaanza kupinda taratibu, kikainama mbele ya watu wote mpaka ncha ikatazama mpini.

“Jamani, kinapiga magoti!” akasema msichana mmoja wa Vuga, aliyekuwa na ulimi kuliko sote.

“Kiacheni, kinasali,” akadakia mwingine.

“Mhunzi wa kike! Tutengenezee na jembe la kukunja, tutie mfukoni!”

Hata wageni walicheka. Mwalimu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiwa nimeficha kile kitu kwenye kanga, na Tate alikuwa amekaa pale pale mlangoni.

“Kimepinda?” akauliza kabla sijamwamkia.

“Shikamoo, Tate. Ulijua?”

“Marahaba. Nilijua siku ulipokuja na ukanda wa pipa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia, ungelijua neno langu. Sasa umekijua chuma.”

Watu wakisimulia maneno ya namna hii husema yalikuwa hekima, na mimi mwenyewe nimeyarudia mara nyingi kana kwamba nayakubali. Leo sijui. Ni kweli, sijasahau kamwe kwamba chuma laini hakishiki makali. Lakini nakwambia na jambo jingine: sikuingia tena kibandani. Kila aliponiita kwenye mivukuto nilipata udhuru, mara maji, mara kuni, mara ndui ya mbuzi ambaye hakuumwa. Sikuwa na hasira juu ya kuchekwa. Nilikuwa na hasira kwamba alikaa pale mlangoni jioni baada ya jioni, akinitazama ninavyofurahi, hali akijua. Alinifunza chuma akanipoteza mimi. Nilirudi kukaa naye kwa amani baada ya kuwa na wewe mgongoni, na wakati huo nyundo ilikuwa imeanza kumtoka mkononi.

Ndiyo sababu wewe ulijifunza nusu. Alikufundisha kusoma rangi ya moto, alikufundisha kwamba nyundo hupigwa na bega wala si kiwiko. Nilikusikieni mkigombana kule kibandani. “Usikipige kama unaua nyoka!” Nawe ukijibu, “Babu, nyoka ameshakufa, huyu ni chuma!” Nilikuwa nikicheka peke yangu jikoni. Kisha akalala, akafa, kabla hamjafika kwenye somo la maji, la kuchovya chuma ili kiwe kigumu.

Maji ulikwenda kujifunza Mombo, kwa yule mhunzi wa barabarani. Simlaumu. Anajua kazi yake, na kwake ni sawa kabisa kuchovya kisu kwenye pipa lililo nje ya kibanda. Lakini pipa lake limeshinda juani tangu asubuhi. Maji ya bondeni yana joto kama ya kuogea mtoto. Ya kwetu hutoka tumboni mwa mlima, na wewe ulitengeneza kisu chako kipupwe hiki, asubuhi ambayo Nuru alikataa kunawa uso. Ile tupa ya kunolea misumeno uliyoiokota kwenye kiwanda cha mbao Shume, ukaifua ikawa kisu hiki, ni chuma kizuri kuliko chochote alichowahi kukigusa Tate, lakini ni chuma chenye hasira. Ukikitoa kwenye moto mwekundu ukakitia kwenye maji ya barafu, kinajiminya upesi kuliko kinavyoweza kuvumilia. Tate alikuwa na desturi ambayo hukuifikia. Kabla ya kuchovya kisu alichoma kipande cha chuma kibovu mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye chombo cha maji, akakichoma tena akakizamisha tena, mpaka maji yakaacha kuuma kidole. Alisema, “Kwanza uyaombe radhi maji.” Ndipo kisu kikafuata.

Hili nililijua. Nilivukuta mivukuto yake miaka mingi, niliona kila mara. Na asubuhi ile nilikuona ukipanda kutoka mtoni na ndoo, ukaimimina kwenye chombo, mvuke wa pumzi yako ukionekana. Nilikuwa nimesimama kizingitini na kikombe chako cha uji. Nikafungua kinywa. Ukasema, “Mama, usiingie, nipo mahali pagumu,” kwa heshima, bila kugeuka, jicho liko motoni. Nikafunga kinywa. Nikaweka uji chini, nikaenda zangu.

Nilijiambia kwamba nafuata mwiko. Nilijiambia pia kwamba labda mambo ya sasa ni mengine, labda fundi wa Mombo anajua dawa ambayo Tate hakuijua. Ukweli ni kwamba niliogopa kukuudhi wiki ya mwisho unayokaa kwangu. Nilitaka unikumbuke kwa uji. Kwa hiyo nikafanya lile lile alilonifanyia Tate, tena mimi bila sababu yake. Yeye angalau alidhani ananifundisha.

Kuna jambo moja limebaki, na hili ndilo linaloniogopesha kuliko ufa wenyewe. Nilipokishika kisu juani niliona kwamba hapo penye ufa pamesuguliwa kuliko mahali pengine pote. Bapa lote lina mikwaruzo midogo ya jiwe, kama kazi ya mwanzo ilivyo. Pale pamekuwa laini kama yai. Nimejaribu kufikiri ni bahati tu, mkono ulikaa hapo. Nimejaribu pia kukumbuka jana, ulipokuwa unakionyesha, Nuru akanyoosha mkono nawe ukamwambia, “Usiguse, hicho ni kisu cha fundi.”

“Fundi yupi?” akasema. “Huyu aliyenitilia mpini wa jembe, nikapiga udongo mara mbili, jembe likabaki shambani nikarudi na mti?”

Tulicheka sote. Wewe ulicheka kidogo tu, ukakirudisha sandukuni upesi.

Sikuulizi, Hoza. Kama hukuuona, sasa umeuona. Kama uliuona ukausugua ukitumaini fundi mkuu hatautambua, basi naelewa tumaini hilo lilikotoka, maana hata mimi nilikirudisha kisu kwenye sanduku leo nikijaribu kuamini kwamba kitasimama. Lakini ufa wa ukuta unazibwa. Ufa wa chuma kigumu hauzibwi, wala kwa kusugua wala kwa maombi. Na gogo la Tanga ni gumu kuliko boga langu. Mimi nilirudi nyumbani jioni ile ile nikala chakula cha mama yangu. Wewe utakuwa mbali, katikati ya vijana usiowajua, umeshika mpini mtupu.

Nimefikiri sana nikusaidieje, na nikafika hata mahali pa upumbavu. Kisu cha mwisho alichotengeneza Tate kipo darini, kizima, kinaimba vizuri. Nilikishusha. Nilikiweka kando ya chako, nikaona kwamba urefu unakaribiana na kwamba mpini ungeweza kubadilishwa. Ungepita, na mtu asingejua. Nilikaa navyo mapajani kwa muda. Kisha nikakirudisha darini, kwa sababu ungelijua wewe, na kila siku utakayoitwa fundi huko ungesikia ni yeye anayeitwa.

Njia ninazoziona ni mbili. Unaweza kwenda leo na kisu hiki. Ukifika mbele ya fundi mkuu, kabla hajakipiga, weka kidole chako juu ya ufa na umwambie: hapa pana ufa, nilikosea maji, na sasa najua kosa lilivyokuwa. Sijui atajibuje. Huenda akakufukuza. Sitakudanganya kwamba kweli hulipwa siku ile ile. Lakini nina tumaini dogo kwamba mtu aliyefua chuma maisha yake yote amewahi kupasua kisu, na ataisikia sauti ya kijana anayemwambia kabla hajaona.

Au unaweza kubaki. Nusu ya tupa ipo, nimeitazama, inatosha kisu kifupi. Makaa ya miti ya mwati yapo nusu gunia. Lori hili la mbao hushuka tena Ijumaa, na uliniambia fundi anapokea vijana mpaka mwisho wa wiki. Utafika umechoka, utakuwa wa mwisho kwenye mstari, na huenda nafasi zikawa zimejaa. Hiyo nayo siwezi kuiahidi. Ninachoweza ni kuingia kibandani na kukuonyesha jinsi maji yanavyopashwa, na kidole changu mwenyewe kitakuwa ndani ya maji hayo, mwiko au si mwiko.

Usichague kwa kunihurumia mimi. Mimi nitaogopa kwa njia zote mbili, nimekwisha kujizoea.

Sasa nasikia jogoo wa jirani, yule mwongo anayewika kabla ya wenzake. Nimezungumza na dereva jioni, nikamwomba apige honi mara moja tu kwenye kona, asije mpaka mlangoni. Nitakuwa nimesimama pale barabarani kabla hajafika. Ukitokea na sanduku lako, nitalipokea nilipandishe garini, na sitakuuliza chochote mbele ya watu. Nikiona njia bado tupu, nitamwambia aende zake.

Mama yako anayekupenda,
anayeandika kwa mkono wake mwenyewe.